Samaki wa Scolastica Wamekuwa Weusi

Mzee Bura ana mgahawa mdogo Haydom, karibu na stendi ya mabasi. Watu wanaokuja kuuguza ndugu zao hospitali hunywa chai hapo. Pembeni kuna tangi la kioo lenye samaki watano wa mapambo. Wanaitwa diskasi. Ni bapa na duara kama sahani, na rangi yao ni ya chungwa lililoiva.

Samaki hao ni wa binti yake, Scolastica. Alipokwenda kusoma Dodoma, alimwachia baba yake awatunze. Mama yake, Gaudensia, alikuwa na wasiwasi, lakini mzee hakutaka kusikia.

"Nimechunga ng'ombe sitini kule Gehandu," alisema. "Nitashindwa na samaki watano?"

Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali. Asubuhi moja mzee aliwakuta samaki wamekuwa weusi. Walijibanza kwenye kona na hawakugusa chakula. Scolastica alikuwa anarudi likizo baada ya wiki mbili.

Mzee akafanya alichokijua. Kwake, ng'ombe akizubaa hupewa magadi. Basi akamwaga kiganja kizima cha magadi ndani ya tangi, akakaa kusubiri. Kufika jioni samaki walikuwa weusi zaidi, na mmoja alikuwa amelala ubavu. Mzee aliona aibu, tena aliogopa. Gaudensia alimhurumia, akaenda kumwita jirani yao Xavery, ambaye ni afisa uvuvi.

Xavery alimpa mzee shikamoo, kisha akagusa maji.

"Maji ni ya baridi sana, mzee. Hita haifanyi kazi?"

Hita ya kupasha maji ya tangi ilikuwa nzima, ila waya wake ulikuwa umelala sakafuni. Kwenye soketi yake simu ya mteja ilikuwa inachajiwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeruhusu. Angemnyimaje chaji mtu mwenye mgonjwa?

"Samaki hawezi kulia kama ndama," Xavery alieleza. "Huyu husema kwa rangi. Akipata baridi, akiogopa, maji yakichafuka au akiugua, anakuwa mweusi. Rangi inakuambia kuna shida, haikuambii ni shida gani. Kwa hiyo usikimbilie dawa. Pima maji kwanza."

"Na magadi yangu?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yanamfaa ng'ombe. Kwa samaki huyu yanaharibu maji."

Xavery aliwasha hita, akaonya kwamba joto lipande polepole hadi nyuzi ishirini na nane. Maji nayo yasibadilishwe yote kwa mara moja, kwa sababu mabadiliko ya ghafla huua. Kila siku mzee alitoa robo ya maji. Alirudisha maji safi yaliyokaa kwenye ndoo tangu jana yake, yakiwa na uvuguvugu. Aliyapima kwa kipimajoto, na alimkataza hata Gaudensia kuigusa ndoo hiyo.

Siku ya nne samaki mmoja alikula. Baada ya wiki, rangi ya chungwa ilianza kurudi. Hata yule wa ubavu alisimama sawa. Mzee alifurahi hadi akawagawia wateja chai ya bure.

Scolastica alipofika alilitazama tangi, akatabasamu.

"Wanang'aa, baba. Umewatunza vizuri."

Mzee alikohoa kidogo. Gaudensia aliinama akapanga vikombe. Scolastica akatoa chaja yake, akashika waya wa hita ili auchomoe.

"Acha hapo, mwanangu," mzee alisema. "Hapo ndipo samaki wako wanapoota moto. Simu yako njoo nayo jikoni, na nikueleze niliyowafanyia."