Maduhu Aliinuka Mezani

"Umejifunzia wapi kuvunja kaa?" Ng'washi aliuliza, macho yakiwa kwenye vidole vya mchumba wake.

Maduhu alikuwa kwenye gando la pili. Alilibana, likalia ka!, akachomoa nyama nzima bila hata kuchafua shati.

"Nimeiga wale wa meza ile."

"Wale wanakula wali kwa changu, Maduhu."

Akacheka. Kicheko chenyewe kikavu.

Wote wawili walitoka Bariadi. Ng'washi, muuguzi wa hospitali ya Somanda, alikuja Bagamoyo kwa semina ya siku tatu. Maduhu, mfanyabiashara wa ng'ombe, aling'ang'ania kumsindikiza. Kila mwezi alipeleka ng'ombe mnada wa Pugu, huku huku pwani, ila aliapa kwamba Bagamoyo hajawahi kukanyaga. Sasa mtu asiyeijua Bagamoyo alikuwa na sababu gani ya kuukataa mkahawa huu wa samaki, nyumba ya mawe jirani na bandari ya zamani, akishikilia wakale chipsi gesti? Na alipokubali, kwa nini alichagua kiti kinachotazama ukuta?

Ng'washi alimpenda. Ndiyo maana alimwomba Mungu iwe anamshuku bure. Ng'ombe wa mahari walikuwa wanafika kwa wazazi wake Lalago siku ileile, na ndoa ilikuwa Jumamosi.

"Pweza wenu hawa, wenyewe!" sauti ya mwanamke ikaingia kutoka mlangoni.

Maduhu alitema tonge kwenye karatasi. Akasukuma sahani, akavua kofia, akainuka na kusimama pembeni, uso ukutani.

Ng'washi alimkodolea macho. Mtu anayejificha huinamia sahani yake. Huyu ameacha kula! Kwao Usukumani mwanaume hali mbele ya mama mkwe, na hata mwezi uliopita kule Lalago, mama yake Ng'washi alipopita tu na ndoo ya maji, Maduhu aliacha ugali na maziwa akatoka nje. Mwili ukishazoea adabu, haumsubiri mwenyewe afikiri.

"Kaa ule."

"Nimeshiba."

"Gando liko nusu."

"Tumbo linanisumbua. Tuondoke, Ng'washi."

"Ngoja kwanza." Akageukia mlangoni. "Mama! Mama wa pweza, shikamoo! Njoo hapa kidogo."

"Ng'washi, acha!"

"Niache nini?"

Mama wa makamo alisogea na ndoo yake, khanga kiunoni, uso wa bashasha.

"Marahaba, mwanangu. Wataka wangapi? Na huyu mbona kasimama kama..." Akamchungulia. "Ee! Maduhu? Mkwe wangu!"

Maduhu hakugeuka.

"Unamfahamu, mama?"

"Nisimfahamu vipi baba wa mjukuu wangu? Mwaka wa pili huu, nikiingia tu anakimbia chakula. Mwanangu Tatu huniambia, mama, ndiyo heshima ya kwao. Mume mwenyewe huja mara moja kwa mwezi, na simu hashiki! We ni dada yake?"

Ng'washi alimtazama Maduhu. Mpaka hapo bado alikuwa tayari kusikia uongo mzuri.

"Mwambie mama mimi ni nani."

"Ng'washi, tutaongea gesti."

"Mwambie hapa hapa."

Maduhu akajibu bila kugeuka. "Ni... ni wa kwetu kule."

Ndipo moyo ulipomkatika. Bora angesema chochote kingine.

"Mimi ni mchumba wake, mama," Ng'washi akasema. "Ndoa yetu ni Jumamosi."

Yule mama aliitua ndoo sakafuni. "Astaghfirullah! Maduhu, na Tatu je?"

Ng'washi alifuta machozi kwa kiganja, akapiga simu Lalago.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Ng'ombe wamefika, wameingia zizini. Wamenona hao!"

"Warudishwe, baba."

"Unasemaje? Kulikoni?"

"Maduhu ameacha chakula mezani. Amemwona mama mkwe wake."

"Si ndiyo adabu hiyo! Tena nampongeza..." Mzee akasita. "Lakini mama yako si yuko hapa uani, anachagua mchele?"

"Najua yuko hapo, baba."

Ng'washi alisikia pumzi za baba yake, na ng'ombe mmoja akilia kwa mbali. Kisha mzee akamwita kaka yake Ng'washi kwa sauti ambayo haikuhitaji kurudiwa.

"Ngeleja! Fungua zizi."