Gitaa la Chumba cha Pili

Soketi ya jikoni ilikuwa imebakiza skrubu mbili tu, lakini fundi umeme alishuka kwenye ngazi, akakusanya koleo na bisibisi zake, akamwambia mwenye nyumba ataimalizia kesho. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, naye alikuwa na haraka ya mtu anayekwenda kumpokonya mwenzake tonge mdomoni.

Muda mfupi kabla ya hapo, picha ilikuwa imeingia kwenye simu yake, katika kundi la wapiga besi. Gitaa la besi, kuukuu, la nyuzi nne, mwili wa mbao nyeusi. Chini yake anwani, na maneno matatu: *Linauzwa. Njoo mapema.*

Kundi lile la simu liliitwa Wazito. Wapiga besi kumi na watano, watu wazima wenye familia zao, na kazi yao kutwa kucha ilikuwa kulinganisha: shingo ya mti gani inavuta sauti ndefu, sumaku moja ya kunasa sauti au mbili, nyuzi nne au tano, nani kauziwa kimeo. Walipendana kama paka na panya. Na humo ndani hakuna waliochukiana kama fundi umeme na kinyozi wa mtaa wa pili. Miaka saba nyuma fundi alikuwa mpiga besi wa bendi. Akaugua wiki mbili. Aliporudi akamkuta kinyozi kasimama mahali pake, na hakuna aliyemwambia hata pole.

Chini ya picha ile kinyozi alikuwa ameshaandika: *Hilo langu. Nafunga duka nakuja. Wenye mikono ya zege wasijisumbue.*

Fundi alirudisha simu mfukoni. Alikodi pikipiki.

Lilikuwa jengo la zamani la ghorofa tatu, chini yake ghala la magodoro lililokwisha fungwa. Ukumbi wa juu ulinuka chuma chenye unyevu na kitu kingine... kama nywele zilizoungua. Alipobisha, mlango ulifunguka mara moja, kana kwamba kuna mtu alikuwa kasimama nyuma yake muda wote.

Mwanamke mrefu, wa makamo, macho makavu.

"Hujambo dada," fundi akasema. "Nimekuja kuhusu gitaa."

"Mimi si dada yako. Liangalie, lichukue, uondoke."

Sebule ilikuwa na kiti kimoja na milango miwili. Mlango wa pili ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Macho ya kazi hayalali: fundi aliona kuwa waya uliokuwa ukipeleka umeme chumba kile umekatwa juu ya mlango, ncha zake zimezungushiwa tepu, na tepu yenyewe imeshakauka kwa miaka. Huko ndani hakukuwa na umeme hata wa kuwashia balbu.

Akalishika gitaa. Shingo iliingia kiganjani kama iliyochongwa kwa ajili yake. Akatoa spika yake ndogo ya betri kwenye mkoba.

"Usilipige," mwanamke akasema.

"Nitanunuaje bila kulipiga? Unataka kuniuzia mbuzi kwenye gunia?"

"Piga, basi." Akashusha sauti. "Lakini ukisikia linaitikiwa, nyamaza. Umenisikia? Nyamaza."

Fundi akacheka kimoyomoyo. Akachomeka waya, akaukung'uta uzi mnene.

*Duuum.*

Sauti ikatambaa sakafuni mpaka kwenye nyayo zake. Hajawahi kusikia mbao ikisema vile. Akapiga mstari mfupi, ule aliokuwa akijipashia nao mkono tangu ujana.

Akanyamaza kusikiliza.

*Duuum... du-du...*

Kutoka chumba cha pili.

Mstari uleule. Ila safi zaidi. Na mwishoni umeongezewa noti mbili, ndogo, za dharau, kama mtu anayekusahihisha mbele za watu.

"Kuna nani humo?"

"Hakuna mtu."

"Kuna mtu anapiga besi!"

"Nimekwambia nyamaza," mwanamke akanong'ona, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka.

Laiti angenyamaza. Lakini fundi alikuwa na kidonda cha miaka saba, na noti zile mbili zilikuwa zimekitonesha palepale. Akapiga mstari mgumu. Ukaitikiwa. Akapiga mgumu zaidi. Ukaitikiwa kabla hajaumaliza. Jasho likamtoka. Akatafuta kichwani mstari wake wa siri, ambao hajawahi kumpigia mtu yeyote. Akainua kidole...

Na chumba cha pili kikaupiga kwanza.

Wote. Mpaka mwisho.

Mwanamke akauchomoa waya kwa kishindo. Kimya kikaanguka. Nyuma ya mlango, vidole viliteleza taratibu juu ya uzi, *sssrrr*, kisha vikatulia.

"Umeshamjibu," akasema. Hakukuwa na huruma usoni mwake, wala hasira, uchovu tu. "Lichukue. Toa ulicho nacho mfukoni, ulichukue, nisikuone tena."

Mtu mwenye akili angeliacha pale. Yeye alilibeba mbio, na kwenye ngazi akapishana na kinyozi anapanda akihema. Akamwonyesha mkoba wa gitaa, akatabasamu. Hilo, alikuja kukiri baadaye, ndilo lililomfurahisha kuliko gitaa lenyewe.

"Mwizi mkubwa wewe!" kinyozi alimfokea. "Lile langu! Litakutokea puani!"

Kesho yake jioni alikuwa juu ya ngazi kwenye duka la viatu, akiunga waya. Jua lilipozama tu, mkono wake wa kushoto ukaacha kumsikiliza.

Haukufa ganzi. Ulianza kupiga. Vidole vinne vikabana waya kimoja kimoja, vikapanda, vikashuka, vikielekea pale palipomenywa ganda. Aliuona mkono wake ukienda kama unavyomwona mtoto anakimbilia barabarani. Akajirusha kutoka juu ya ngazi. Aliumia nyonga, lakini alinusurika.

Siku ya pili hakwenda kazini. Jioni alikuwa mezani na mkewe, wanakula. Mkewe alinyoosha mkono kuchukua chumvi. Vidole vya fundi vikaurukia, vikaushika chini ya kiwiko kama shingo ya gitaa, vikaanza kubonyeza.

"Niache! Unaniumiza!"

"Si mimi... mke wangu, si mimi!"

Ilibidi mkewe avipige kwa upawa ndipo vikaachia. Alama nne za bluu zilibaki kwenye ngozi. Mkewe alimtazama mumewe, kisha akautazama ule mkono, kama watu wawili tofauti.

"Wewe nakujua," akasema kwa sauti ya chini. "Huyo mwingine simjui. Mtoe nyumbani kwangu kesho. La sivyo naondoka, na nikiondoka sirudi."

Kesho yake alasiri fundi alirudi kwenye lile jengo, gitaa mgongoni. Mwanamke alimfungulia, akataka kumfungia. Fundi akaweka mguu.

"Umeniuzia uchawi."

"Nilikukataza. Hukusikia. Mnafanana nyote."

"Nani yuko humo ndani?"

Mwanamke alikaa kwenye kile kiti kimoja, akamwacha fundi kasimama.

"Nilikwambia mimi si dada yako," akaanza. "Ni dada wa watu wawili tu. Wadogo zangu. Walinunua magitaa mawili ya mbao za mti mmoja, wakalala chumba kimoja, na kila jioni wakashindana. Mdogo alimzidi kaka yake. Hakuwa na adabu ya kuficha. Kila akimjibu, alikuwa anamwongezea noti mbili mwishoni."

Fundi akautazama ule mlango wenye kufuli.

"Yule mkubwa akaenda kwa mganga. Mganga akataka kucha na nywele za mwenzake. Vidole vya mdogo wangu vikaanza kufa. Kimoja kila mwezi. Kilipokufa cha mwisho akasema, 'Kaka, hata hivyo tutapiga.' Akafa wiki ile. Jioni ileile gitaa lake likaitikia. Kaka yake akajifungia humo kumjibu. Siku tano. Tulipovunja mlango, vidole vyake vilikuwa vimelika mpaka kwenye mfupa, na alikuwa anacheka. Alikufa anacheka."

"Sasa anayepiga ni yupi?"

"Sijui."

"Na kucha zile... huyo mkubwa alizipataje?"

Mwanamke alifungua viganja vyake. Alitazama mikono yake mwenyewe.

"Nilimkata mimi. Amelala. Nilikuwa nimechoka na kelele zao."

Ile harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa inatoka kwake.

Alimwambia kitu kimoja tu cha kufanya. Jua likizama, akae pale, alikumbatie gitaa, na akiulizwa, asijibu. Hata aulizwe nini. Asiyejibiwa huchoka.

Wakangoja. Mwanga wa dirishani ukawa wa kijivu.

*Duuum.*

Fundi akaweka kiganja juu ya nyuzi, akazibana. Mkono wa kushoto ulirukaruka kama samaki. Akaukandamiza kwa goti. Chumba cha pili kikapiga mstari wake wa ujana. Akanyamaza. Kikapiga nyimbo za bendi yake, moja baada ya nyingine. Akanyamaza, machozi yanamtoka. Kikazipiga vibaya makusudi, kwa kejeli, kama mkono wa zege.

Akanyamaza.

Kimya kikarefuka. Kisha likaja ombi. Ndivyo alivyolisikia: noti tatu, taratibu, nzuri kuliko kitu chochote... na nafasi tupu baada yake, nafasi iliyopimwa, ya mtu anayekungoja.

Vidole vya mkono wa kushoto vikalegea. Vikawa vyake tena. Alijua, kama unavyojua homa ikikutoka.

Hapo mlango wa nje ukasukumwa.

Kinyozi. Alikuwa amemwona fundi akipita na mkoba, akamfuata, akakaa ngazini kusikiliza.

"Kumbe yapo mawili!" akasema. "Na wewe umekuja kulizoa la pili kimyakimya! Jamaa anakuuliza humo ndani, umekaa kama gunia. Lete hapa."

"Usiliguse! Nakuomba kwa mama yako, usijibu!"

"Mpaka lini utanibania?"

Akalinyakua. Fundi alikuwa hoi, hakuwa na nguvu ya kushindana. Kinyozi akaisikiliza ile nafasi tupu, akatabasamu, akaijaza. Alijibu vizuri mno. Haki ya mtu mpe: alikuwa mpiga besi hasa.

Na mwishoni akaongeza noti mbili.

Kufuli la chumba cha pili likadondoka.

Mlango ukafunguka wenyewe, kidogokidogo. Ndani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kiti, na juu ya kiti gitaa jeusi, nyuzi zake bado zinatetemeka. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea. Walipokuwa wanautazama, ulianza kuinuka polepole, kama unavyoinuka mtu akishasimama.

Mwanamke alijifunika uso. Kinyozi alicheka, akabeba magitaa yote mawili, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Fundi alikaa sakafuni, akafumba na kufumbua mkono wake uliorudi. Alifurahi. Aibu ya furaha ile haijamtoka mpaka leo.

Alimpigia simu kinyozi mara tisa. Alimwandikia kwenye kundi: *Kaka, funga duka kabla jua halijazama. Nakusihi.* Wazito wakamcheka. Wivu, walisema. Kidonda cha bendi hakijapona. Mmoja akaweka picha ya mtu analia. Siku ya tatu zikaja habari kwamba mteja mmoja amekatwa sikio kwa wembe. Ajali ndogo, mtu alitikisika.

Siku ile fundi aliacha kazi katikati, akaenda mwenyewe.

Dukani kwa kinyozi taa zilikuwa zimewaka. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alikuwa ameshavuliwa miwani, anataka kukaa kitini anyolewe ndevu. Nje wekundu wa mwisho ulikuwa unakauka juu ya mapaa.

"Mwalimu, samahani, nipishe mimi. Nina msiba wa haraka."

Mwalimu alishangaa, akapisha. Fundi akakaa. Kinyozi alimtazama kwenye kioo, asiseme neno la matusi hata moja, na hilo ndilo lililomtisha. Alimfunga kitambaa cheupe shingoni. Akampaka povu. Uso wake ulikuwa umekonda kwa siku tatu kama wa mtu aliyeugua miezi.

Mwanga wa nje ukazimika.

Kinyozi aliinamisha mdomo karibu na sikio lake. Alinuka chuma chenye unyevu.

"Tangu juzi sijalala," akanong'ona. "Nishike. Nishike mkono, ndugu yangu. Usiniachie."

Fundi akatoa mkono wa kulia chini ya kitambaa, akaubana ule wa kinyozi wenye wembe kwa nguvu zake zote. Mkono wa kushoto wa kinyozi ulikuwa umeshatua shingoni mwake. Vidole vinne. Vikaanza kubonyeza mishipa, kimoja... kimoja... noti tatu, taratibu.

Kisha nafasi tupu.

Fundi alifumba macho, akauma meno, akanyamaza kama alivyofundishwa. Na chini ya kitambaa cheupe, juu ya paja lake, vidole vyake vya kushoto vikaanza kuitikia.