Cheni Iliyokazwa Kama Uzio

Saa mbili kasoro robo asubuhi, siku ya Jumatatu, mke wa fundi uzio aliingia uani akisukuma pikipiki. Cheni ilikuwa imetundikwa kwenye usukani. Sanduku la chanjo lilikuwa bado limefungwa nyuma ya kiti.

Fundi uzio aliweka kikombe cha chai chini.

"Imekatika tena?"

"Hapana, nimeivua ipumzike," mkewe alisema. "Hebu shika hapa, baba watoto. Mikono yangu imekwisha."

Mke huyu alikuwa mhudumu wa afya ya mifugo. Wiki hiyo alitakiwa kuchanja kuku wa wafugaji walioishi ng'ambo ya kilima. Kideri, ugonjwa unaofagia banda zima kwa siku chache, ulikuwa umeshaingia shamba la jirani wa wafugaji hao. Chanjo humkinga kuku mzima. Haimponyi mgonjwa. Kwa hiyo ilibidi ifike kabla ya ugonjwa, na njia yenyewe ilikuwa ya mawe. Gari halikupita.

Mke aliingia ndani kurudisha chupa za chanjo kwenye friji. Fundi alibaki akiitazama pikipiki.

Aliiunda mwenyewe, hapo hapo uani, kwa miezi saba. Fremu ilitoka kwenye pikipiki iliyoungua. Injini ilitoka kwenye nyingine iliyogongwa. Springi za nyuma, ndefu na laini, zilitoka kwenye pikipiki ya mashindano ya matopeni. Majirani waliiita Mseto. Mseto ilipanda kilima vizuri, ila ilikula cheni. Hii ilikuwa ya tatu kwa wiki sita.

"Cheni za siku hizi ni tambi tu," fundi alisema mkewe alipotoka.

"Tambi hazikwamishi gurudumu," mkewe alijibu. "Leo limenasa ghafla, nikatua kwa magoti. Keshokutwa sipandi kitu hicho kama hujajua kinaumwa nini. Nitakwenda kwa miguu."

Kwa miguu ni saa tano. Barafu ya sandukuni hudumu saa nne. Wote wawili walijua hivyo.

Jumanne alasiri fundi alifunga cheni mpya. Aliiweka pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma likabaki linaning'inia. Akalivuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikanyooka. Kisha akaongeza kidogo. Akaipiga cheni kwa kidole, nayo ikalia. Miaka ishirini alikuwa akipima nyaya za uzio hivyo. Waya ukilia, kazi imekwisha.

"Shemeji, hiyo ni cheni au zeze?"

Aliyesimama getini ni jirani yao, Mama Spoku. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alinyoosha magurudumu kwa kukaza spoku, zile nyaya zake. Kwa miaka kumi na mmoja alihudumia pikipiki za mashindano. Siku hiyo alikuja kurudisha koleo.

"Naikaza, shemeji. Ikilegea itaruka."

"Zimeruka ngapi mpaka leo?"

"Hakuna."

"Na zilizokatika?"

Fundi alikuna kichwa. "Tatu."

"Haya. Ishushe kwenye stendi, ukae juu. Na wewe, mdogo wangu," alimwambia mke wa fundi aliyekuwa akitoka ndani, "panda nyuma yake."

Walipanda. Springi zikabonyea.

"Sasa iguse cheni yako."

Fundi aliinama, akaigusa. Ilikuwa ngumu kama nondo.

"Hamjatoka hata getini," Mama Spoku alisema. "Mkikanyaga jiwe itakuwaje?"

"Lakini waya wangu nikiukaza hivi, hata fahali hautikisi!"

"Nguzo za uzio hazitembei, shemeji. Hapa moja inapanda na kushuka."

Alichuchumaa, akaonyesha kwa kidole: sproketi ndogo ya mbele, ile gia ya meno inayovuta cheni, bolti ambapo mkono wa chuma unaoshika gurudumu huchezea, kisha ekseli ya gurudumu.

"Gurudumu likipanda, ekseli inakwenda mbali na sproketi ya mbele. Hivi vitatu vikiwa mstari mmoja, ndipo umbali unakuwa mkubwa kuliko wote. Cheni ipimwe hapo. Wewe unapima gurudumu likining'inia, cheni ikiwa na nafasi kubwa, halafu unaimaliza nafasi yote. Na springi zako ndefu zinazidisha tatizo. Pikipiki ya kiwandani ina kitabu kinachosema cheni ilegee kiasi gani. Hii yako kitabu chake ni wewe."

"Nami sijaandika hata ukurasa," mkewe alidakia. Fundi alimtazama. "Namsemea," mke alisema.

Mama Spoku aligusa meno ya sproketi ya mbele. Yalikuwa yamepinda kama ndoana. "Cheni mpya kwenye meno haya haifiki mbali. Badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni."

Fundi alikwenda dukani, akarudi nazo, akazifunga. Kisha wakatoa springi za nyuma. Mke aliinua gurudumu kwa ubao. Fundi alileta uzi wake wa kunyooshea nguzo, akauvuta kutoka sproketi ya mbele hadi ekseli.

"Juu. Juu kidogo. Umepita, mama, shusha. Hapo hapo!"

Waliliegemeza gurudumu kwa matofali. Fundi alirekebisha cheni mpaka ikabaki na mchezo, yaani ulegevu, wa upana wa kidole. Alihesabu alama za kurekebishia gurudumu pande zote mbili ili gurudumu lisikae upande, akakaza nati ya ekseli, akarudisha springi. Pikipiki iliporudi kwenye stendi, cheni ililegea. Aliisukuma juu na chini katikati, akapima kwa rula mchezo wake wote.

"Sentimita tano na nusu! Si kamba ya kuanikia nguo hii?"

"Ndiyo kipimo chake. Cha hii tu, si cha nyingine."

Fundi alikiandika kwa rangi kwenye ule mkono wa chuma. Kisha akachukua kitambaa na kopo la mafuta, akanyoosha mkono awashe injini ili cheni ijipake yenyewe. Mama Spoku alichomoa ufunguo. Akainua mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada kiliishia kwenye kiungo cha kwanza.

"Nilifanya hivyo mara moja tu. Injini izimwe, ufunguo uwe mfukoni, gurudumu lizungushwe kwa mkono. Ikichafuka, brashi na mafuta ya taa, ikaushe, ndipo uipake mafuta ya cheni. Fanya hivyo kila baada ya vumbi au matope. Na upime."

Jumatano saa moja asubuhi mke alivaa helmeti. Akamrushia mumewe ya pili.

"Kama unaiamini, panda nyuma. Nahitaji mtu wa kunishikia kuku."

Fundi alipanda. Kwenye mawe springi zilibonyea hadi mwisho mara tatu. Kila mara alikaza meno. Cheni haikunasa, haikuruka. Saa mbili na nusu walifika ng'ambo. Barafu ilikuwa bado ngumu. Kabla ya kunawa mikono, fundi alipima cheni: sentimita tano na nusu.

Hakuna kuku aliyekuwa ameugua. Fundi alishika mmoja mmoja, mkewe akadondosha tone moja jichoni. Wa mwisho alikuwa jogoo mwekundu, aliyemzungusha fundi banda zima na kumchafulia shati.

"Mgeuze kichwa," mkewe alisema.

Tone liliingia saa tano kasoro dakika kumi, barafu ikiwa bado haijayeyuka yote.