Neno la Mjomba Ndani ya Sumaku

"Bastola pia, dada. Na pini za nywele."

Daktari alisema hivyo bila kutabasamu. Nyuma yake mlango mzito ulikuwa wazi nusu, na ndani mashine ya MRI, ile sumaku kubwa ya kupigia picha za mwili, iligonga taratibu, kama moyo wa mnyama mkubwa aliyelala.

Chiriku hakupenda.

Jina hilo alipewa kwa utani huko idara ya ujasusi, kwa kuwa hakuna aliyesema machache kama yeye. Asubuhi hiyo Mkuu alimpigia simu na amri fupi: "Maadui wamejua mgonjwa alipo. Usibanduke." Sasa anaambiwa aachane na bastola yake, Glock.

Alimkabidhi Dereva bastola koridoni. Mcheshi yule, dereva wa idara, ndiye aliyewaleta hospitali kila siku.

"Nitailea kama mtoto," Dereva alisema, akaichomeka kiunoni. "Niko chini, kwenye gari."

Mgonjwa alikuwa mjomba wake Chiriku, kaka wa mama yake, na ndiye aliyemfundisha kazi. Ng'ambo ya mpaka majasusi wao walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine. Mtu wa ndani ya idara alikuwa anawauza. Mjomba akamgundua, akampigia Chiriku simu: "Nimemjua. Njoo, haya si ya kusemea simuni."

Chiriku alimkuta sakafuni. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja, mdomo umepinda.

Tangu siku hiyo Mjomba alibaki na neno moja tu. Njaa, maumivu, salamu, yote yalitoka "sabuni". Akishalisema hulia, maana akilini anajua si lenyewe.

Daktari alikuwa akifanya utafiti. Wagonjwa kama Mjomba walichomwa sindano nyembamba za tiba ya Kichina, wakafanyishwa mazoezi ya kusema, huku mashine ikipiga picha za ubongo wao.

"Zinarudisha maneno kweli?" Chiriku aliuliza.

"Ndicho ninachotafuta. Huenda ni sindano, huenda ni mazoezi, huenda ubongo unajiponya wenyewe. Sikuahidi kitu, dada."

Alimchoma Mjomba mkononi na mguuni sindano za dhahabu, ambazo sumaku haizivuti. Kitanda kikateleza ndani ya tundu la mashine. Wanawake hao wawili, Daktari na Chiriku, wakaingia chumba cha pili, nyuma ya kioo, kwenye skrini na maikrofoni.

Picha zikaanza kupita mbele ya macho ya mgonjwa.

Kikombe.

"Sabuni."

Kiti.

"Sabuni."

Gari.

Kwenye skrini, doa la rangi ya chungwa liliwaka upande wa kushoto wa ubongo, likatanuka.

"De... de..." Sauti ilikwaruza kwenye spika. "Dereva."

Daktari aliruka kitini. "Neno jipya! Amekosea picha, lakini ni neno!"

Chiriku aliinamia maikrofoni. "Mjomba, unasema gari?"

"Dereva!" Mzee alikuwa analia. "Dereva! Dereva!"

Chiriku akaelewa. Mjomba hakuwa amekosea picha hata kidogo.

Alimpigia Mkuu kwa simu ya mezani.

"Msaliti ni Dereva. Ana bastola yangu."

"Vijana wanatoka sasa hivi."

"Watafika lini?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Kwenye skrini ya kamera ya koridoni Dereva alionekana akija. Alifunga mlango wa nje kwa ndani, akatia ufunguo mfukoni. Uso wake haukuwa na mzaha wowote.

Chiriku aliogopa. Kwa kitambo akatamani kujificha chini ya meza ya skrini. Kisha akamwona Mjomba kupitia kioo, miguu yake myembamba ikitetemeka nje ya tundu.

"Daktari, hiyo sumaku inazimwa?"

"Haizimwi. Inavuta saa zote."

"Bastola ikiingia humo?"

Daktari akageukia kioo. "Itapaa. Na itamkuta mzee njiani."

"Basi tumtoe."

Waliingia mbio. Wakavuta kitanda, wakambeba Mjomba na sindano zake mwilini, wakamlaza kwenye pembe kando ya mlango. Daktari akamfunika kwa mwili wake. Chiriku alijibana ukutani upande wa pili, pale ambapo mtu wa mlangoni angemwona.

Mlango ulisukumwa.

"Dada, sina ugomvi na wewe," Dereva alisema kwa upole. Mdomo wa bastola ulimwelekea Chiriku kifuani. "Nipe mzee, urudi nyumbani kwako."

"Yuko humo kwenye tundu. Mchukue mwenyewe."

Alitaka kusema kwa ukali. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Dereva akacheka, akapiga hatua. Akapiga nyingine.

Mkono wake ukanyooka wenyewe.

Alishangaa. Akaishika bastola kwa nguvu zaidi, na hilo ndilo lililomponza. Sumaku ilimburuta akiwa ameing'ang'ania, ikambamiza. Vidole vilibanwa kati ya chuma na mashine. Risasi ikafyatuka, ikachimba dari. Daktari akapiga yowe.

Chiriku hakukumbuka alivyovuka chumba. Alimpiga kiwiko nyuma ya shingo, mara mbili, mara tatu, hata alipokwisha kulegea. Kisha akamfunga miguu na mkono uliobaki huru kwa bandeji.

"Daktari?"

"Niko mzima. Na mzee pia."

Mjomba alimtazama, mdomo ukitafuta neno. Chiriku alimshika mkono usio na sindano. "Pumzika, Mjomba. Lililotakiwa umeshalisema."

Vijana wa idara walipovunja mlango, aliwaachia mfungwa, akaweka wawili walinde kitanda cha mjomba wake. Simu ya mezani ikaita.

"Imekwisha?" Mkuu aliuliza.

"Imekwisha. Waambie walioko ng'ambo wahame leo, huenda alishawauza wote."

Alishuka ngazi kichwa juu, akimjibu kila aliyemsalimia. Land Cruiser ya idara, kama Dereva alivyoiacha, ilikuwa bado inanguruma mbele ya lango. Aliketi nyuma ya usukani, akafunga mlango, na hapo mguu ukakataa kukanyaga klachi. Ulitetemeka kama wa mtu mwingine.

Aliusubiri utulie.

Kisha akaweka gia, akatoka langoni taratibu, kama mtu aliyekuja tu kumwona mgonjwa.