Beseni la Gloriose

Chumba cha kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kilijaa siku hiyo, maana migongo mibovu ya Uvira ni mingi na mikeka ni michache. Waliokosa mkeka walisimama ukutani, kisogo kwenye saruji, wakirudisha kidevu nyuma kama mbuzi anayekataa kamba. Libérat, mwendesha pikipiki wa barabara ya Luvungi, alilala chali, magoti juu, akijitahidi kugandamiza kiuno chini.

"Papa ya pikipiki, pumua. Hapa hakuna mutu anakufukuza."

Aliyesema ni Belyse, muuza samaki wa ndagala wa mtaa wa Mulongwe. Kitenge cha manjano, uso mzuri, shingo imekakamaa kama nguzo.

"Na weye kidevu yako inaenda wapi? Kine amesema nyuma."

"Angalia mugongo yako, wacha kidevu yangu."

Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye maumivu. Kila jioni simu ililia.

"Cherie, umefanya shingo?"

"Nimefanya. Weye umefanya kiuno?"

"Niko nalala chini hapa kama samaki mu soko."

Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kuwauliza wanaumwa wapi.

Lakini vidole vya kushoto vya Belyse vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Kine alimkataza kubeba kitu kichwani, la sivyo mkono ungebaki hivyo maisha yote. Na kwao Libérat, kule Lubarika, mchumba huingia mara ya kwanza na beseni la unga kichwani. Wa kumtua ni mama mkwe peke yake, na kumtua ndiko kumkubali.

Libérat akaona heri amwambie mama yake mapema. Gloriose, mama aliyezeekea kwenye mashamba ya mpunga, akauliza kwa sauti mbele ya majirani, "Unaniletea wa kulima ao wa kuuguza?"

Maneno hayo yalifika Mulongwe kabla ya Libérat. Wiki nzima Belyse hakupokea simu. Siku alipopokea, sauti yake ilikuwa baridi.

"Umenitangaza kwa mama yako kama kuku ya ugonjwa."

"Nilitaka akuhurumie."

"Nani alikutuma? Shingo ni yangu. Jumamosi nakuja. Nitabeba."

"Belyse, mukono yako..."

Alikuwa ameshakata.

Jumamosi Libérat alimkuta kwenye njia ya kuingia Lubarika. Belyse alivaa blauzi mpya ya libaya, ya buluu. Beseni lilikuwa kichwani, midomo imekauka, na mkono wa kushoto unaning'inia kama si wake. Libérat akaegesha pikipiki.

"Leta."

"Toka mu njia."

"Leta, bebe. Minye nitabeba."

"Mwanaume na beseni? Mama yako atakufa."

"Hatakufa. Atanuna."

"Na mugongo?"

"Mugongo ni yangu."

Belyse alimtazama sana, kisha akainama kidogo ili alichukue.

Uzito ulimshukia Libérat kiunoni kama pilipili kwenye kidonda. Waliingia uani. Wanawake waliokuwa wanatwanga majani ya sombe wakaacha michi hewani. Gloriose alisimama mlangoni, akamwona mwanawe chini ya beseni. Ni yeye wa kulitua. Libérat akangoja, jasho likimwingia machoni.

Mama yake akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Peke yake Libérat hakuweza kulishusha. Belyse akaweka mkono wake mzima, wa kulia, upande mmoja, wakalishusha wawili, unga mwingine ukamwagika mchangani. Hakuna aliyewapa kiti wala maji. Wakaketi chini, migongo kwenye ukuta wa tofali.

"Sasa?" Belyse aliuliza.

"Sasa tunarudi Uvira. Utakubali minye nikuoe bila mama?"

"Kidevu nyuma kwanza. Shingo yako imepinda. Halafu uniulize tena."

Libérat akasukuma kisogo ukutani, taratibu, kama alivyofundishwa. Upande wa pili wa tofali alimsikia mama yake akilia kwa sauti ndogo.

Akamuuliza Belyse tena.