Masharubu ya Afande

Kila asubuhi Mama Mapacha hufungua saluni yake mapema. Hufagia nywele za jana, huwasha feni, kisha hupanga machanuo mezani. Saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Feni yake ina kelele nyingi kuliko upepo, lakini wateja wamekwisha kuizoea.

Mumewe, Baba Mapacha, ni fundi bomba. Hupita saluni kunywa chai kabla ya kwenda kazini, na kila asubuhi ana la kusema. Anajua dawa ya mafua. Anajua timu itakayoshinda. Anajua hata mahali mwalimu wa mapacha wake alipokosea. Ukweli ni kwamba anachokijua sawasawa ni mabomba. Huko hana mpinzani.

Asubuhi moja mkewe alikuwa na habari.

"Baba Mapacha, yule mama meneja wa ukumbi wa harusi alinipitia jana. Anatafuta msusi mmoja wa kuwapamba maharusi wote wa pale ukumbini."

"Si umwambie ni wewe!"

"Anataka kwanza kuona picha za kazi zangu. Amenipa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Na simu yangu hii ya vitufe haipigi picha."

Mama Mapacha alisema hayo huku akikunja taulo lililokwisha kukunjwa. Kazi ile aliitaka sana. Alikuwa amesuka vichwa vya mtaa mzima kwa miaka mingi, na hakuwahi kuitwa mahali pa maana. Mumewe aliliona hilo usoni mwake, akaingiwa na huruma.

"Niachie mimi," akasema. "Nitakununulia kamera."

"Ndogo tu, mume wangu. Ya kuingia mfukoni mwa aproni."

"Ndogo? Kazi kubwa inataka kamera kubwa, mama!"

Dukani muuzaji aliweka kamera mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, lenzi yake imejengewa humo humo na haitoki. Nyingine ilikuwa kubwa, ya kubadilisha lenzi. Ilikuja na lenzi mbili, fupi na ndefu.

"Unataka kupiga picha za nini?" muuzaji akauliza.

"Za kila kitu," akajibu Baba Mapacha.

Muuzaji akamvalisha ile kubwa shingoni. Ukutani palikuwa na kioo. Baba Mapacha akajitazama mbele, akajitazama ubavuni, akavuta tumbo ndani. Basi, kamera ndogo haikuguswa tena.

Balaa lilianza siku ya kwanza. Kamera ilikuwa nzito na ina vitufe vingi, na mikono ya Mama Mapacha ilikuwa na mafuta ya nywele kutwa. Ikabidi mumewe ndiye awe mpiga picha. Lakini akienda kuziba bomba mahali, wateja wanasukwa, wanapendeza, wanaondoka. Akirudi anakuta viti vitupu.

Siku nyingine alikuwepo. Afande, askari polisi wa kike mwenye nywele nyingi, alikuwa amesukwa akapendeza mno. Baba Mapacha alikuwa amefunga ile lenzi ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali. Alipochungulia aliona pua tu. Akarudi nyuma. Akaona pua na mdomo. Akarudi tena, akatoka mlangoni, akavuka barabara, akasimama ng'ambo.

"Tabasamu, Afande!" akapiga kelele kutoka huko.

Lori likapita katikati. Likafuata la pili. Hatimaye Mama Mapacha akamwita mumewe arudi ndani kabla hajagongwa.

Akarudi, akasimama chini ya feni, akafungua lenzi ndefu. Sakafuni palikuwa na nywele zilizokatwa, na feni ilikuwa ikizirusha huku na huku. Aliiacha kamera mdomo wazi mezani huku akiitafuta lenzi fupi mkobani. Alipoipata akaifunga, akapiga picha za Afande, na za wateja wote waliofuata. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilionekana nzuri kabisa.

Jumatano zikaenda kuchapishwa kubwa. Alasiri Baba Mapacha akazileta saluni kwa mbwembwe, akampa Afande yake mbele ya watu.

Afande akaitazama kwa muda mrefu.

"Baba Mapacha, mimi nina masharubu?"

"Hapana, Afande."

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Afande."

"Na haya chini ya pua ni nini?"

Baba Mapacha akainama, akatazama. Mstari mweusi uliojikunja ulikuwa umelala juu ya mdomo wa Afande.

"Ni kivuli," akasema.

"Kivuli cha nini, mle ndani?"

Mama Mapacha akazitandaza picha zote. Kila mtu alikuwa na masharubu. Binti aliyekuwa karibu kuolewa alikuwa nayo. Bibi yake alikuwa nayo. Mteja mmoja mfupi yalikuwa yamempanda hadi kwenye paji la uso. Saluni nzima ikaangua kicheko, wengine wakashikilia mbavu. Mama Mapacha peke yake hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema taratibu, "Keshokutwa ni Ijumaa."

Baba Mapacha akatamani ardhi ipasuke. Akaifuta kamera kwa shati. Akapiga picha nyingine, akaikuza kwenye kioo cha kamera, na masharubu yakatoka. Akaisugua lenzi. Masharubu yakatoka tena. Ndipo alipoifungua lenzi, akachukua draya ya kukaushia nywele, akaielekeza ndani ya kamera.

"Weka hiyo draya chini!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani yao, Bi Flashi, mpiga picha wa mechi za mpira. Alikuwa akisubiri kusuuzwa nywele. Alikuja mbio na povu kichwani, akamnyang'anya draya.

"Shemeji, unataka kuiua?"

"Naondoa masharubu."

"Utayapeleka ndani zaidi, na joto liharibu vingine. Kwani hiyo lenzi uliibadilishia wapi?"

"Hapa hapa."

"Chini ya feni? Na hizi nywele zote?" Bi Flashi akajifuta povu lililomwingia jichoni. "Hebu nikuulize la kazi yako. Ukikata bomba kwenye mchanga, unaliacha wazi?"

"Haiwezekani! Lazima uzibe mdomo kwanza. Mchanga ukiingia..." Baba Mapacha akaigeukia kamera.

"Malizia, shemeji."

"Mchanga ukiingia, utautoa kwenye mabomba ya nyumba nzima."

"Ndiyo hivyo. Ndani, nyuma ya lenzi, kuna kibamba kinachopokea picha. Unywele umetua pale. Utaonekana kwenye kila picha, hata upige nani. Kinasafishwa, ila kamera ipelekwe kwa fundi wake, siyo draya."

Baba Mapacha alijikuna kichwa. "Kwa hiyo nimeuziwa kamera mbaya?"

"Ni nzuri sana! Mimi natumia kama hiyo. Wachezaji wako mbali na wanakimbia, nahitaji lenzi ndefu na kamera inayopiga upesi. Mechi za usiku mwanga ni mdogo, na hizi kubwa hupokea mwanga vizuri zaidi. Lakini ni nzito, kila lenzi ya ziada inanunuliwa peke yake, na inataka mtu mwenye muda wa kuisoma. Hapa mnapiga picha ya mtu aliyetulia kwenye kiti, hatua mbili kutoka kwenu. Ndogo inatosha. Lenzi yake haitoki, kwa hiyo nywele hazipati njia rahisi ya kuingia."

"Haina ubaya wowote?"

"Inao. Penye giza picha zake huwa na chenga chenga kama mchanga, na vitu vya mbali sana haivifikii. Basi mkalisheni mteja karibu na dirisha." Akamgeukia Mama Mapacha. "Na wewe dada, nani atakuwa anapiga kila siku?"

"Mimi. Nilimwambia ndogo, ya kuingia mfukoni mwa aproni."

Baba Mapacha akatazama viatu vyake. Siku ile alimsikia mkewe, ila hakumsikiliza. Jambo hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote.

"Nisamehe, mama," akasema, tena mbele ya wateja.

Bi Flashi akatoa kamera yake ndogo mkobani. "Itumieni hii hadi Ijumaa. Mkiona inawafaa, ndipo mnunue kama hii. Kamera hujaribiwa kwa kazi yako mwenyewe."

Mama Mapacha alifuta mikono, akaitia mfukoni mwa aproni. Kuanzia hapo, kila aliyemaliza kusukwa alikalishwa dirishani. Mama Mapacha akampiga picha mbele, ubavuni na kisogoni, kisha akaenda kwa mteja mwingine. Afande alirudi kupigwa picha upya. Alikagua picha yake kwanza kwenye kioo cha kamera, akaikuza hadi chini ya pua, ndipo akacheka.

Baadaye kamera kubwa ilisafishwa na fundi. Bi Flashi aliinunua iwe ya akiba kwenye mechi, nao wakanunua ndogo.

Ijumaa yenyewe walikwenda ukumbini wote wawili, picha zimechapishwa na kutiwa kwenye bahasha. Mama meneja alizitazama picha moja moja. Misuko ilionekana hadi unywele wa mwisho.

"Hizi zimepigwa kwa kamera gani?" akauliza. "Lazima ni zile kubwa za kuvaa shingoni."

Baba Mapacha alikuwa na maneno tele. Mkewe alimtupia jicho la wasiwasi.

"Muulize mpiga picha mwenyewe," mumewe akasema. "Ni huyu hapa. Mimi nimebeba bahasha tu."

Mama Mapacha akaeleza mwenyewe, kamera na misuko pia. Meneja akafunga bahasha, akampa mkono.

"Kesho tuna harusi. Bibi harusi ana nywele nyingi, uwahi asubuhi."

Njiani Mama Mapacha aliongea bila kupumua. Baada ya muda akashtuka.

"Baba Mapacha, mbona umenyamaza? Unaumwa?"

"Siumwi. Nakusikiliza."

Mama Mapacha akamshika mkono, akaanza upya kumweleza jinsi atakavyomsuka yule bibi harusi.