Magadi Katika Tangi la Samaki

Letisia alikuwa na desturi ya kufika darasani mapema kuliko wenzake. Wakati wengine bado wanafagia uwanja, yeye alikuwa ameshafungua darasa la sita, amesimama mbele ya tangi la kioo, anahesabu samaki mpaka sita. Akimaliza huwapa chakula kidogo, kisha huandika kwenye daftari la samaki tarehe na maneno matatu: "Wazima wote sita."

Samaki hao walikuwa bapa, wenye mistari myeusi na mapezi marefu juu na chini, na kwa sababu ya mapezi hayo watu huwaita malaika. Aliyewaleta ni Hermani, kijana aliyesoma shule hiyo ya Balangdalalu zamani na sasa anauza samaki wa mapambo Arusha. Mwalimu Fausta, mwalimu wa sayansi, aligawa kazi. Renatus alipewa maji. Kila mara aliyachota bombani na kuyaacha kwenye ndoo siku nzima darasani, ili dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba iishe nguvu na ubaridi utoke, ndipo ayatie tangini. Letisia alipewa kazi ya kuangalia afya.

"Huyu ni mjukuu wa mzee Gidahosh," mwalimu alisema mbele ya darasa. "Amekulia kwenye ng'ombe, jicho lake halikosei. Lakini Letisia, ukiona jambo lolote lisilo la kawaida, niite hata kama niko katikati ya kipindi."

Sifa hiyo ilimkaa Letisia kichwani. Babu yake yeye alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mnyama gani huyo, hana maziwa, hana ngozi? Na ukimkosea anakufa bila hata kulia!"

Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, umeme ulikatika Jumamosi na kurudi Jumatatu alfajiri. Siku hizo mbili hita ya tangi haikupasha maji. Jumatatu asubuhi Letisia aliona samaki mkubwa kuliko wote amejibanza pembeni, mapezi ameyakunja, anahema harakaharaka. Mwilini alikuwa na vidoa vyeupe mfano wa punje za chumvi. Mwingine alikuwa akijisugua kwenye jiwe kama ng'ombe mwenye kupe.

Hapo ndipo alipopaswa kumwita mwalimu. Hakumwita. Wiki iliyofuata samaki hao walitakiwa kupelekwa kwenye maonyesho ya sayansi mjini Katesh, na yeye, mwenye jicho lisilokosea, aende kusema samaki wanaumwa? Alichukua kalamu akaandika: "Wazima wote sita."

Jioni nyumbani alimkuta babu akimpa fahali mgonjwa magadi yaliyochotwa ziwani. "Ng'ombe akizubaa mpe magadi," mzee alisema kama alivyosema siku zote. "Atakula, atapona." Letisia hakuuliza kitu. Jumanne asubuhi alikuja na kipande cha magadi ndani ya kitambaa, akakisaga, akamwaga unga wote tangini. Maji yalichafuka kidogo, kisha yakatulia. Daftarini akaandika tena maneno yaleyale.

Jumanne hiyohiyo mchana, Renatus alibadilisha maji kidogo, kama ilivyokuwa zamu yake. Jumatano asubuhi samaki wawili walikuwa wanaelea, wamekufa.

Mwalimu Fausta aliwaita wote wawili. Alifungua daftari, akasoma, akageuza ukurasa. "Jumatatu wazima. Jumanne asubuhi wazima. Jumanne mchana Renatus anabadilisha maji, Jumatano wamekufa. Renatus, uliwatilia maji ya baridi moja kwa moja kutoka bombani?"

"Hapana, mwalimu. Yalikaa kwenye ndoo toka Jumatatu. Naapa."

"Usiape. Daftari hili linasema nini?"

Renatus alimtazama Letisia. "Letisia, wewe unawaona kila siku. Waliamka wazima kweli jana?"

Letisia alijua kwamba neno moja lingetosha. "Walikuwa wazima," akasema.

Renatus alinyang'anywa kazi ya maji, na nafasi yake ya kwenda Katesh akapewa Letisia. Mvulana huyo alikuwa hajawahi kufika Katesh. Shati la kwenda nalo mama yake alishamshonea vifungo vipya.

Mwalimu alimpigia Hermani simu. Aliviona sasa vile vidoa vyeupe kwa samaki wanne waliobaki, akamweleza. "Huo ni ugonjwa wa vidoa, huletwa na baridi," Hermani alijibu. "Pandisheni joto polepole. Lakini niambie, dada, kuna kitu chochote mmetia humo ndani?"

Mwalimu aliondoa simu sikioni, akamgeukia Letisia aliyekuwa kando ya tangi. "Letisia, kuna kitu kimetiwa?"

"Hapana, mwalimu."

Basi joto likapandishwa. Katika maji yenye magadi joto hilo liliwamaliza samaki badala ya kuwasaidia. Alhamisi walikufa wengine wawili. Wawili wa mwisho walipanda juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa. Ngozi zao zilikuwa zimevaa ute mweupe.

Uwanjani watoto walimpa Renatus jina: Muuaji wa Malaika. Sulle, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Siku hiyo wakati wa makande Renatus alikaa peke yake nyuma ya jiko, sahani imepoa mapajani. Letisia alimwona, akaweka sahani yake chini. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, ila yeye kifo hakikumuumbua. Kilimuumbua mwenzake ambaye hakuficha kitu. Aliona haya, na kwa mara ya kwanza haya ile ilikuwa kubwa kuliko hofu. Akainuka, akaenda mbio ofisini kwa walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini, mbona umekuja mbio?"

"Ni mimi. Nilitia magadi. Waliumwa tangu Jumatatu nikaandika wazima. Renatus hakukosa."

Mwalimu Fausta hakumpiga wala hakumgombeza. Alichukua simu na kukimbilia darasani, na Letisia nyuma yake.

"Magadi!" Hermani alipiga kelele kwenye simu. "Samaki hawa wanataka maji laini, yasiyo na chumvichumvi. Msimwage maji yote kwa mara moja, mshtuko utawaua. Toeni kikombe, tieni kikombe, kutwa, kwa siku kadhaa. Na yawe maji yaliyokaa."

Maji yaliyokaa yalikuwepo darasani. Chini ya dirisha kulikuwa na ndoo mbili zilizofunikwa, ambazo Renatus alizijaza jana yake ingawa kazi hiyo haikuwa yake tena. Mwalimu alizitazama ndoo zile kwa muda mrefu. Kisha akamwita Renatus.

Walifanya kazi siku nne, kikombe baada ya kikombe. Maji yaliporudi hali yake, mwalimu aliwatibu vile vidoa kwa dawa aliyoituma Hermani. Siku ya tano samaki wote wawili walikula. Renatus alikuwa akimpokea Letisia kikombe, anamrudishia kikombe, macho yake yakiwa kwenye samaki. Safari ya Katesh ilifutwa, maana samaki hawakuwa na nguvu za kusafirishwa.

Jumatatu iliyofuata, mstarini, Mwalimu Fausta alisimama mbele ya shule nzima. "Nilimhukumu Renatus kwa kusoma daftari tu. Sikuchunguza ndoo zake. Renatus, nimekukosea, naomba unisamehe." Sulle aliinamisha kichwa.

Baada ya masomo Letisia alimfuata Renatus njiani, akaomba radhi huku analia. Renatus alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia," akasema, akaendelea na njia yake.

Letisia alirudi darasani, akamkuta mwalimu akifuta kioo cha tangi. "Mwalimu, nimesema ukweli. Mbona hajanisamehe?"

Mwalimu Fausta aliweka kitambaa chini. "Letisia, kutia magadi ulikosea kwa kutojua, na hilo hata mimi ningekusamehe siku ileile. Mnyama akiumwa tunasema mapema kwa anayejua, na dawa ya ng'ombe si dawa ya kila kiumbe. Lakini ulijua Renatus hana kosa, ukamwacha abebe mzigo wako siku mbili. Kusema ukweli ilikuwa kazi yako, hukumfanyia hisani. Kusamehe ni kazi yake, na hatuwezi kumpangia siku."

Letisia alifuta macho. Alifungua daftari la samaki, akarudi kwenye kurasa za Jumatatu na Jumanne, akakata maneno yake ya uongo kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika jinsi ilivyokuwa.